Meli Iliyotekwa Mara Tatu na Watu wa Bara ya Kilwa

Katika historia za bahari zinazoandikwa Uingereza na Ufaransa, Néréide ni meli ya mashujaa. Wafaransa waliijenga, Waingereza wakaiteka, Wafaransa wakaipokonya kwa vita vikali, na miezi michache baadaye Waingereza wakaichukua tena. Huku kwetu Nachingwea na Ruangwa haitajwi kabisa. Hilo halishangazi, maana huku ni nchi ya mikorosho, ufuta na mbaazi, na vita vilivyoipa meli hiyo jina vilipiganwa mbali, ng'ambo ya Madagaska. Lakini kisiwa kilichopiganiwa kililimwa kwa mikono ya Waafrika, na sehemu ya Waafrika hao walitoka bara ya Kilwa, yaani nchi hii ya bonde la Mbwemkuru na bonde la Lukuledi na zile zilizo nyuma yake hadi Ziwa Nyasa. Ndiyo maana naona habari za meli hii ni habari zetu pia, na kwamba zinasomeka vizuri zaidi mtu akizisoma akiwa amesimama huku bara badala ya kusimama kwenye sitaha.

Swali lenyewe ni hili. Meli ikitekwa, bendera ikabadilishwa, kisha kisiwa kizima nacho kikabadilisha mwenyewe, ni nini kilibadilika kwa mtu aliyekuwa akiswagwa kuelekea pwani akiwa na gogo shingoni? Wako wanaojibu kwamba kila kitu kilibadilika, kwa sababu Waingereza walikuwa wamekwisha kuipiga marufuku biashara ya watumwa mwaka 1807. Wako wanaosema hakuna kilichobadilika. Majibu yote mawili ni mepesi mno.

Tuanze na chombo chenyewe. Néréide ilishushwa majini Saint-Malo, kaskazini magharibi mwa Ufaransa, mwaka 1779. Ilikuwa frigeti, manowari ya milingoti mitatu na sitaha moja kuu ya mizinga, iliyokusudiwa kwenda kwa kasi, kupeleleza, kusindikiza meli za biashara za kwao na kuwinda za adui. Kwa hesabu ya Wafaransa ilikuwa ya mizinga 32. Tumbo lake lilifunikwa kwa mabamba ya shaba, jambo lililokuwa jipya wakati ule. Mbao zikikaa kwenye maji ya joto hutobolewa na wadudu wa baharini na kuota majani na chaza hadi chombo kinakuwa kizito. Mabaharia wa kwetu walipambana na adha hiyo kwa deheni, wakikipandisha chombo ufukweni na kukipaka upya. Shaba iliwawezesha Wazungu kukaa baharini miezi mingi bila kupandisha chombo, na bila hiyo vita virefu vya Bahari ya Hindi vingekuwa vigumu zaidi.

Saint-Malo ilikuwa bandari ya wafanyabiashara na ya maharamia wenye kibali cha serikali, na baadhi ya matajiri wake walipata mali zao kwa kuuza watu. Robert Surcouf, mtoto wa mji huo ambaye Wafaransa wanamsifu hadi leo kwa kuzivizia meli za Waingereza, alikwenda kununua watumwa katika maji yetu ya Bahari ya Hindi miaka ya 1790. Jina lake litarudi baadaye kidogo, kwa njia ya meli aliyoijenga.

Desemba 1797 frigeti ya Waingereza iitwayo Phoebe, chini ya Kapteni Robert Barlow, iliikuta Néréide karibu na visiwa vya Scilly na kuilazimisha kushusha bendera. Kuanzia hapo ikawa HMS Nereide. Jina lilibaki, alama za juu ya herufi tu ndizo zilizoondoka. Lakini hakuna aliyeichukua kwa heshima ya jina lake. Meli ya adui ilikuwa mali. Mahakama maalumu ilikaa, ikaamua kwamba imetekwa kihalali, serikali ikainunua, na fedha zikagawanywa kwa waliohusika. Kwa utaratibu uliodumu hadi 1808, nahodha alipata sehemu tatu katika nane za thamani yote, moja katika hizo tatu akamtolea amiri wake. Mabaharia wa kawaida, watu mia mbili au zaidi, waligawana sehemu mbili katika nane. Kwa hiyo kila chombo kilichoonekana kwa mbali kilikuwa tishio na pia kilikuwa matumaini ya kununua shamba. Hamu hiyo ya nyara inaeleza ujasiri mwingi unaosifiwa vitabuni, na inaeleza pia maamuzi mengi ya kipumbavu.

Ilikuwapo sababu nyingine ya Waingereza kuzipenda meli za Wafaransa. Kujenga frigeti kulihitaji mialoni mingi, mafundi wengi na muda mrefu, ilhali meli iliyotekwa iliweza kurudi vitani baada ya kutengenezwa tu. Mafundi wao waliyasifu maumbo ya Kifaransa kwa kasi, ingawa walilalamika kwamba mbavu zake zilikuwa nyembamba na matengenezo hayaishi. Nereide ilitumika kwa bidii. Machi 1800 iliteka meli ya maharamia wa Kifaransa iitwayo Vengeance, na Septemba mwaka huohuo Kapteni Frederick Watkins akaitumia kupokea kisiwa cha Curaçao kutoka kwa Waholanzi. Mwaka 1807 ilikuwa Mto La Plata, Waingereza walipojaribu kuitwaa Buenos Aires wakashindwa. Kisha ikapelekwa Bahari ya Hindi.

Mtu akizifuata safari hizo kwenye ramani ataona jambo ambalo waandishi wa sifa hawalisemi. Curaçao ilikuwa soko kubwa la watumwa wa Kiafrika. Buenos Aires ilikuwa mlango wa kuwaingizia Amerika ya Kusini. Île de France, ambayo leo ni Mauritius, na Bourbon, ambayo leo ni Réunion, vilikuwa visiwa vya mashamba. Karibu kila mahali meli hii ilipotia nanga kupigana, kilichokuwa kikigombaniwa kilikuwa kimejengwa na Waafrika waliouzwa. Haikuwa meli ya watumwa, na simsingizii mtu. Ila vita vya wakati ule vilipiganiwa mali, na sehemu kubwa ya mali hiyo ilikuwa watu.

Sasa turudi huku kwetu. Septemba 1776, miaka mitatu kabla Néréide haijashushwa majini, Mfaransa aliyeitwa Jean-Vincent Morice alifunga mkataba na Sultani Hasan bin Ibrahim wa Kilwa Kisiwani. Sultani aliahidi kumpatia watumwa 1,000 kila mwaka kwa piastre 20 kila mmoja, sarafu za fedha zilizojulikana pwani kama riale, na juu ya hapo sultani alipewa piastre mbili kwa kila kichwa kama zawadi yake. Mkataba ulikuwa wa miaka 100. Mtu mmoja, kwa mkataba mmoja, aliuza kwa maandishi vizazi vitatu au vinne vya watu ambao hawakuwa wamezaliwa. Morice alitaka Ufaransa ijenge kituo chake Kilwa kabisa, serikali yake haikuitikia. Maandishi yake yanataja ziwa kubwa la maji baridi lililoko ndani sana ya bara, na hapo ndipo tunapojiona: njia iliyounganisha ziwa hilo na Kilwa ilizipita nchi za Wayao, Wamakua, Wamwera na Wangindo.

Edward Alpers, katika kitabu chake Ivory and Slaves cha 1975, ameonyesha jinsi biashara ya Wayao ilivyohama. Zamani walipeleka pembe za ndovu Kisiwa cha Msumbiji kwa Wareno. Ushuru wa huko ulipowachosha, na Kilwa ilipowapa bei nzuri zaidi, waligeuza misafara kuelekea kaskazini mashariki. Mwanzo ulikuwa pembe. Watu walifuata, kwa sababu Wafaransa wa visiwani walikuwa na njaa ya vibarua wasiolipwa na walileta bunduki, baruti, nguo na fedha. Bunduki ikishafika katika kijiji kimoja, kijiji cha pili nacho lazima kitafute yake, na njia ya kuipata ilikuwa kuuza mtu. Sioni haja ya kuficha kwamba wapo watu wa nchi hii waliouza wenzao, kwa deni, kwa shauri la uchawi, kwa ugomvi wa urithi, au baada ya kuvamia mji wa jirani usiku. Waliochukuliwa walitoka mwambao wa Nyasa na walitoka pia karibu zaidi na pwani, na kila mwendo wa siku uliongeza wagonjwa na waliokufa njiani.

Karibu mwaka 1785 Waomani waliirudisha Kilwa chini yao, na tangu hapo walitaka Wafaransa wapitie Unguja ili ushuru uingie mahali pamoja. Biashara ilibadilika njia, haikukoma. Hata mapinduzi ya Ufaransa hayakuikomesha. Bunge la Paris lilifuta utumwa Februari 1794. Mawakala wa serikali, Baco na Burnel, walipofika Île de France mwaka 1796 na amri hiyo, wenye mashamba waliwafukuza wakarudi walikotoka. Mwaka 1802 Napoleon akahalalisha utumwa upya, na kule kisiwani hapakuwa na cha kurudisha, kwa sababu haukuwahi kuondoka. Nataka msomaji aliweke hilo moyoni, kwa sababu linaonyesha jinsi sheria ya mbali inavyokuwa maneno matupu pasipo mtu wa kuisimamia mahali penyewe.

Waingereza hawakuvamia visiwa vile kwa ajili ya watumwa. Walivamia kwa sababu frigeti za Wafaransa zilikuwa zikitoka Port Louis na kuteka meli za Kampuni ya Mashariki ya India zilizobeba mali kutoka Bengal na China. Mwaka 1809 walikikalia kisiwa kidogo cha Rodrigues ili wawe na mahali pa maji na chakula, na Septemba mwaka huo Nereide ilishusha askari karibu na Saint-Paul, Bourbon, wakaiteka bandari pamoja na frigeti ya Kifaransa Caroline, ambayo nayo ilipewa jina jipya na kuwa ya Waingereza.

Nahodha wa Nereide wakati huo alikuwa Robert Corbet, mtu aliyewapiga mabaharia wake viboko hata kwa makosa madogo. Mwaka 1808 walimwasi. Mahakama ya kijeshi ilikaa Rasi ya Tumaini Jema mwaka 1809. Mmoja wa waasi alinyongwa. Corbet, kwa ukatili wake, alipewa onyo tu na akaendelea kupewa meli. Waandishi wengine hupenda kulinganisha mabaharia hao na watumwa, na kweli wengi wao walikamatwa mitaani na kupakiwa kwa nguvu. Mimi siukubali ulinganisho huo. Baharia wa Nereide aliweza kuandika malalamiko, na kweli yaliandikwa na kusomwa. Mishahara yake ilihesabiwa, na mtoto wake hakuzaliwa mali ya nahodha. Maumivu yake yalikuwa ya kweli bila kuhitaji kuitwa utumwa.

Baada ya Corbet alikuja Nesbit Willoughby, kijana jasiri kupita kiasi. Julai 1810 Waingereza waliiteka Bourbon. Agosti waliteka ngome ya Île de la Passe, kisiwa kidogo kinacholinda mlango wa ghuba ya Grand Port, upande wa kusini mashariki wa Île de France. Wakiwa hapo, tarehe 20, likatokea kundi la meli za Wafaransa chini ya Guy-Victor Duperré, likirudi kutoka maji ya Komoro. Willoughby alipandisha bendera ya Kifaransa juu ya ngome ili awavute ndani. Hila ilifanya kazi nusu. Wafaransa waliingia, wakajipanga kwenye maji ya kina kifupi nyuma ya miamba, na badala ya kunaswa wakawa wao ndio wenye mtego.

Nimezihesabu meli nane zilizokabiliana Grand Port. Upande wa Waingereza palikuwa na Sirius, Iphigenia, Magicienne na Nereide. Magicienne ilikuwa ya Wafaransa hadi ilipotekwa mwaka 1781. Upande wa Wafaransa palikuwa na Bellone, Minerve, Victor na Ceylon. Minerve iliporwa kwa Wareno mwaka uliotangulia. Ceylon ilikuwa ya Kampuni ya Mashariki ya India, imetekwa mwezi mmoja na nusu tu nyuma karibu na Komoro. Victor ndiyo ya ajabu kuliko zote: ilijengwa kwa ajili ya Surcouf, jeshi la majini la Ufaransa likaichukua, Waingereza wakaiteka mwaka 1808, na Bellone ikaiteka tena mwaka 1809. Kwa hiyo katika nane, tano zilikuwa zimewahi kupeperusha bendera nyingine. Fundi wa Saint-Malo aliyeipiga Nereide misumari angeiona ikipigwa mizinga na watoto wa nchi yake. Visiwa vyenyewe navyo vilikuwa hivyohivyo. Bourbon ilikuwa imeitwa Réunion tangu 1793, ikaitwa Bonaparte mwaka 1806, ikarudi kuwa Bourbon mwaka 1810, ikaitwa tena Réunion mwaka 1848. Mtu aliyelima kahawa kule tangu ujana hadi uzee aliweza kuishi chini ya majina matatu bila kuhama kibanda.

Jioni ya tarehe 23 Agosti Kapteni Samuel Pym wa Sirius aliamuru shambulio. Sirius ikapanda mwamba, Magicienne ikapanda mwamba, Iphigenia ikazuiwa na kina. Nereide peke yake ilifika mahali pake, ikatia nanga mbele ya mizinga ya adui. Meli ikipigana ikiwa imetia nanga huwekewa kamba ya pili inayofungwa kwenye nanga na kuvutwa kwa nyuma, ili ubavu wenye mizinga ubaki umemwelekea adui. Kamba hiyo ikikatwa, chombo hugeuka kwa upepo na mkondo. Ndivyo ilivyokuwa. Risasi ya mzinga iliikata, Nereide ikazunguka, shetri yake ikaelekea kwa Wafaransa. Shetri ya manowari ya mbao ni madirisha na mbao nyepesi, na risasi inayoingia hapo husafiri urefu wote wa sitaha hadi omo bila kizuizi. Vipande vya mbao viliua kama visu. Willoughby alipigwa usoni akapoteza jicho. Usiku ule mzinga mmoja baada ya mwingine ulinyamaza kwa kukosa wa kuujaza. Wakati fulani meli iliashiria kwamba imejisalimisha, lakini bendera moja ilikuwa ingali juu ya mlingoti wa nyuma na kamba za kuishushia zilikuwa zimekatika, kwa hiyo Wafaransa waliendelea kupiga alfajiri hadi mabaharia walipoukata mlingoti wenyewe ukaanguka. Kati ya watu 281 waliokuwamo, waliouawa au kujeruhiwa walizidi 200.

Magicienne na Sirius zilichomwa moto na mabaharia wake wenyewe, Iphigenia ikajisalimisha siku chache baadaye. Jina Grand Port limechongwa kwenye Lango la Ushindi la Paris, nao ndio ushindi pekee wa baharini wa utawala wa Napoleon ulioandikwa pale. Duperré alikuwa amejeruhiwa uso, na yeye na Willoughby waliuguzwa katika nyumba moja Mahébourg, nyumba ambayo leo ni makumbusho ya taifa. Wageni wanaonyeshwa mahali pa vitanda vya maadui wawili waliolala karibu, na wanaguswa. Mimi pia naguswa na habari hiyo, ila nauliza ni nani walioteka maji, kufua mashuka yenye damu na kuwabeba majeruhi kutoka ufukweni, kwenye kisiwa ambacho watu zaidi ya 60,000 walikuwa watumwa. Jibu halihitaji utafiti mrefu.

Ushindi ule haukudumu miezi minne. Mwisho wa Novemba Waingereza walirudi na kikosi kikubwa kutoka India na Rasi, na tarehe 3 Desemba 1810 Gavana Decaen akasalimu kisiwa. Nereide ilikutwa bandarini, imevunjika kiasi kwamba haikustahili kurudishwa baharini. Ilikaa bila kazi hadi mwaka 1816 ilipouzwa ipasuliwe, na hapo ndipo habari zake zinapoishia. Kwetu sisi huo ni mwanzo wa swali.

Kisiwa kiliitwa Mauritius tena na kikawa cha taifa lililokuwa limekataza biashara ya watumwa miaka mitatu nyuma. Masharti ya kusalimu yaliwahakikishia wakazi mali zao, na watumwa walihesabiwa kuwa mali. Gavana mpya, Robert Farquhar, aliandika kwa wakubwa wake London akidai kwamba sheria ya 1807 pengine haikihusu kisiwa kipya, naye akakemewa. Wenye mashamba hawakungoja jibu. Kwa miaka mingi baadaye majahazi na meli ndogo zilishusha watu usiku kwenye fukwe zisizo na walinzi. Bourbon iliporudishwa kwa Ufaransa baada ya vita, ikawa na soko lake tena, na wanunuzi wa visiwani walikuja pwani yetu kama zamani. Makumi ya maelfu ya Waafrika na Wamalagasi waliingizwa visiwa hivyo viwili kinyume cha sheria baada ya 1810.

Hata hivyo kusema kwamba hakuna kilichobadilika ni kuwakosea waliosukuma mambo mbele. Kwa kuwa Mauritius ilikuwa mikononi mwao, Waingereza walipata kituo cha kuipelelezea pwani yetu. Ni kutoka huko Kapteni Fairfax Moresby wa meli ya Menai alikokuja, na Septemba 1822 Seyyid Said, mtawala wa Waomani, akakubali kuwazuia raia wake wasiwauzie Wakristo watumwa. Soko la visiwa vya Wafaransa lilianza kubanwa kweli. Mwaka 1835 utumwa wenyewe ukafutwa Mauritius, ingawa walioachiwa walilazimishwa kuwatumikia mabwana wao miaka minne zaidi kwa jina la mafunzo ya kazi. Walifidiwa wenye mashamba. Walioteswa hawakulipwa.

Lakini mkataba wa Moresby uliacha mlango mkubwa wazi. Kuuza watumwa Unguja na ndani ya milki ya Seyyid Said kulibaki halali, na miaka hiyohiyo karafuu zilikuwa zikipandwa Unguja na Pemba. Hapa ndipo hesabu inapomwumiza mtu wa bara ya Kilwa. Mnunuzi wa Kifaransa alipozuiwa, mwenye shamba la karafuu alichukua nafasi yake, na alikuwa karibu zaidi. Kilwa Kivinje ilikua ikaipita Kilwa Kisiwani. Kati ya 1862 na 1867 forodha za Sultani ziliandika watumwa 97,203 waliotoka Kilwa. Morice alitaka 1,000 kwa mwaka. Miaka tisini baadaye walikuwa karibu 20,000 kwa mwaka, na hao ni walioandikwa tu, baada ya nusu karne na zaidi ya manowari za Waingereza kuzunguka bahari hii. Ni mkataba wa Juni 1873, ulioifunga minada ya Unguja, na amri za Sultani Barghash za 1876 dhidi ya misafara ya nchi kavu, ndivyo vilivyoanza kuikata njia yenyewe.

Hukumu yangu basi ni kwamba kutekwa kwa meli na kisiwa kulihamisha soko mapema sana kuliko kulivyolifunga. Nguvu ya majini iliweza kuzuia chombo fulani kisiende mahali fulani. Haikuweza kumgusa aliyekuwa akipanga msafara Mbwemkuru, wala aliyekuwa akisubiri kuuza mateka wake kando ya Nyasa, maadamu kulikuwa na mtu mwenye shamba na fedha wa kununua. Wanaoiandika historia ya kukomeshwa kwa utumwa kama historia ya meli za Waingereza wanaona nusu tu ya jambo, kwa kuwa wanasimama baharini.

Meli zilizotekwa hazikuisha katika nchi yetu. Desemba 1915 Waingereza waliteka boti ya kijeshi ya Wajerumani, Kingani, katika Ziwa Tanganyika, wakaiita Fifi, na Februari 1916 wakaitumia kuizamisha Hedwig von Wissmann, dada yake wa jana. Mizinga ya Königsberg, manowari iliyoangamia katika delta ya Rufiji Julai 1915, iliopolewa majini, ikawekewa magurudumu na kukokotwa nchi kavu hadi mingine ikafika huku Lindi, kabla kamanda wa Wajerumani, Lettow-Vorbeck, hajavuka Ruvuma Novemba 1917. Ruponda, iliyo Nachingwea, ilikuwa ghala lake la chakula, na Waingereza walipoiteka Oktoba mwaka huo walimnyang'anya akiba ambayo wanakijiji ndio waliyoilima na wapagazi ndio walioibeba. Katika mradi wa karanga wa Waingereza, mwishoni mwa miaka ya 1940, minyororo ya nanga za meli ilifungwa kati ya matrekta mawili ili kung'oa miti, na baadhi ya matrekta yenyewe yalikuwa vifaru vya Sherman vilivyogeuzwa. Chombo cha vita huendelea kufanya kazi baada ya vita vyake, na wanaokutana nacho safari ya pili mara nyingi si wale ambao kilitengenezwa kwa ajili yao.

Limebaki suala la majina, na hilo ndilo linalonishughulisha kuliko mizinga. Majina ya manahodha wa Nereide yanajulikana. Watu walioletwa Mauritius kutoka pwani yetu waliandikwa katika daftari za watumwa za miaka ya 1815 hadi 1835, na daftari hizo zipo. Zina jina alilopewa mtu na bwana wake, umri, kazi na asili. Kwenye asili, wengi wa kutoka Afrika Mashariki wameandikwa Mozambique, neno moja lililowameza Wamakua, Wayao, Wamakonde na Wamwera, aliyepakiwa Kilwa pamoja na aliyepakiwa Ibo au Quelimane. Mara chache karani alibakiza jina la nyumbani, au alieleza chale za usoni, na chale hizo zinasomeka kwa anayezijua. Wataalamu wa Mauritius na Réunion wamezifanyia kazi kwa miaka mingi wakitumia Kifaransa na Kiingereza. Huenda hawana Kimwera wala Kiyao, na huko ndiko mtu aliyekulia Mnacho, Nandagala au Ruponda angeweza kuwaonyesha kwamba Mozambique fulani, mwenye umri wa miaka arobaini, mkata miwa, alikuwa mtu wa huku.